Folda Yenye Jina la Mbabazi

Tangu mumewe Karangwa azikwe mwezi Februari, Mbabazi alikuwa hajaigusa kompyuta ya mezani ya marehemu, ila kuipangusa vumbi. Lakini Jumamosi ile alitaka kuomba pasi ya kusafiria, aende Karagwe, Tanzania, walikozaliwa wote wawili na ambako dada yake bado anaishi. Tovuti ya serikali ilimjibu kwamba kivinjari chake ni cha zamani mno.

Akampigia simu Rayhana, mwenye duka la kompyuta karibu na soko.

"Mama, iyo imezeeka," Rayhana alisema. "Weka ingine. Iko Chrome, iko Firefox, zote iko muzuri. Lakini pakua kwa site ya benyewe benye kuitengeneza, usibonyeze matangazo."

"Nichague ipi?"

"We mwenyewe, mama. Ile utapenda."

Miaka thelathini na minane ya ndoa hakuwahi kuchagua kitu cha kompyuta peke yake. Aligeuka kidogo kuelekea kiti cha pembeni, alichozoea kukalia Karangwa akimwelekeza, kisha akajikuta anaona haya. Akachagua Firefox, kwa kuwa aliwahi kuitumia shuleni Nyundo alipokuwa akifundisha. Akapakua, akabonyeza faili mara mbili, akakubali masharti bila kuyasoma. Mstari ulijaa polepole. Nyumba nzima, pale mtaani Nengo, ilikuwa kimya, jokofu tu likinguruma.

Mwishoni kivinjari kipya kikamuuliza kama kihamishe kurasa zilizohifadhiwa kwenye kile cha zamani. Akakubali.

Zikaja nyingi: habari za mpira, mbegu za viazi, hali ya hewa. Chini kabisa kulikuwa na folda iliyoandikwa MBABAZI. Akaifungua. Namna ya kununua umeme kwa simu. Namna ya kubadilisha jina kwenye hati ya kiwanja mume anapofariki. Simu ya fundi wa paa. Mabasi ya kwenda Karagwe.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa umehifadhiwa Agosti. Daktari aliwaambia Novemba kwamba Karangwa hatapona.

Kumbe mwenyewe alijua mapema. Miezi mitatu alikaa kwenye kiti hiki, mgongo wake ukimwelekea Mbabazi aliyekuwa akichambua maharage palepale, akimpangia maisha ya ujane kimyakimya. Alipomuuliza anasoma nini, alijibu, "Mpira."

"Mwongo wewe," Mbabazi alisema kwa sauti. Angemwambia, wangelia pamoja. Badala yake kila mmoja aliubeba msiba peke yake, kwa zamu yake. Alishika kipanya ili aifute folda ile. Kidole kikakataa. Akafungua ukurasa wa pasi, akajaza jina, tarehe, mahali pa kuzaliwa. Penye hali ya ndoa akachagua *mjane*, akatuma.

Simu ikalia. Alikuwa Rayhana.

"Imekubali, mama?"

"Imekubali."

"Bon! Sasa uko sawa?"

Mbabazi aliirudia folda ile yenye jina lake. Hakujua aanzie wapi kumweleza binti wa watu.

"Rayhana," akasema, "hebu nieleze, kufungua ukurasa wa pili ninabonyeza wapi?"

Mwenyewe alikuwa anajua tayari. Lakini Rayhana alianza kumweleza taratibu, neno kwa neno, na Mbabazi akasogeza kiti karibu na meza, akasikiliza.