Mguu wa Kushoto wa Mpelelezi

Kitindamimba alikuwa akipanga vikombe mezani, kile chenye ufa akikigeuzia ukutani, mpelelezi alipobisha hodi. Alifuta viatu kizingitini, akainama ili kofia ipite, akaiweka taa yake ya mafuta sakafuni. Alikuwa ametoka katika vitabu saba vya marehemu baba, vitabu vya mauaji na wizi wa enzi za wafalme, na koti lake lilinuka moshi wa enzi hizo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chai unatia sukari?" mama akauliza.

"Situmii, mama."

Kaka, kifunguamimba wa nyumba ile, alimtazama mgeni juu ya ukingo wa kikombe. "Huyu naye amekuja kurithi?"

"Nimekuja kazini," mpelelezi akajibu. "Panapogawanywa urithi hapakosi kosa."

Shauri lenyewe lilikuwa wazi. Baba aliandika kitabu cha kwanza, kisha macho yakamzimika. Vilivyofuata aliviandika binti yake, kitindamimba huyu, katika chumba cha nyuma, ila jina la baba likabaki majaladani, kwa kuwa wasomaji walikwisha lizoea. Sasa cha nane kilikuwa kimefika katikati, naye aliomba jambo moja tu: kitoke kwa jina lake. Kaka alitaka vitabu vyote viwe vyake, pamoja na mpelelezi aliyemo ndani yake.

"Wewe ulishika kalamu tu," kaka akasema. "Aliyenena ni baba. Tangu lini kalamu ikarithi?"

Mpelelezi hakudai ushahidi wa mtu. Aliomba nafasi, akatembea toka mlangoni hadi dirishani, akichechemea mguu wa kushoto, akiuburuta kidogo kabla ya kuuinua. Kisha akamwomba kitindamimba amletee kaka yake sukari. Kitindamimba akaenda jikoni na kurudi, akichechemea mguu wa kushoto, akiuburuta kidogo kabla ya kuuinua.

"Katika kitabu cha kwanza nilitembea sawasawa," mpelelezi akasema. "Mwana hutazama kisogo cha nina."

Kaka akakoroga chai. "Haya, aliandika yeye. Kwa hiyo?"

"Limebaki la mguu." Mpelelezi akamgeukia mama kwa adabu. "Aliteleza ngazini, au alisukumwa?"

Kitindamimba aliambiwa mara nyingi mno kwamba aliteleza, hata akajifunza kuikumbuka ngazi ile ikiwa imelowa maji.

"Alisukumwa," mama akasema, akikusanya makombo ya mkate kiganjani. "Waligombania kukaa karibu na baba yao alipokuwa akisoma."

"Na akashinda yeye," kaka akasema. "Alilala na mguu wake, baba akamsomea mwaka mzima. Mimi nilisikilizia nje ya mlango kama mwizi."

Taa ikatoa moshi kidogo, mama akaipunguza utambi.

"Yaliyopita si ndwele," akasema. "Mwana wa kwanza ndiye mwenye nyumba na vilivyomo. Mwanangu, wewe umezoea kuvumilia."

Kitindamimba akamtazama mpelelezi. Mpelelezi akavua kofia.

"Kazi yangu ni kufumbua," akasema. "Kuhukumu sikupewa."

Akaichukua taa yake, akamfuata kaka garini, kwa maana naye alikuwa miongoni mwa vilivyomo. Aliketi kiti cha nyuma, taa magotini, wala hakugeuka.

Juma lililofuata simu ikalia.

"Mdogo wangu," kaka akasema. Hakuwa amemwita hivyo tangu utotoni. "Huyu mtu wako amesimama sebuleni, mguu mmoja hewani. Haushushi. Nimejaribu kumwandika mwenyewe, na kila ninapoandika anafifia. Leo asubuhi nimeuona ukuta nyuma yake."

"Taa yake inawaka?"

"Kidogo sana."

"Na jina, kaka?"

Kaka akakohoa. "Jalada limekwisha pigwa chapa. Wameweka langu, chini ya la baba. Limekaa vizuri."

Kitindamimba aliinyoosha karatasi kwa ubavu wa mkono. Chini ya meza mguu wa kushoto ulimuuma, kama ulivyomuuma kila alipoanza sura mpya.

"Usiizime taa," akasema, akichukua kalamu. "Nisomee pale alipoinua mguu."