Mtandao wa Jengo Zima

"Huingii humu, muuaji wee!"

Mama Pacha alikuwa amesimama ngazini, mikono kiunoni, amemzibia Fundi Kompyuta njia ya kwenda kwake.

"Shemeji, mimi nimefanya nini?"

"Shemeji nani? Mume wangu anapumulia mashine hospitali, kirusi chako kimekata umeme!"

Jengo zima tulishatoka, nani angebaki ndani? Redio ilitangaza asubuhi kwamba mitambo ya umeme imevamiwa kwa kompyuta na kwamba waliofanya hivyo ni nchi jirani. Kisha polisi wakaja kubeba kompyuta za Fundi, eti kirusi kilipitia kwake. Jenereta la hospitali lilichelewa kuwaka, na mgonjwa mpaka sasa hajafumbua macho.

Akapanda Wakili, yule dada wa wizara ya mambo ya nje, uso umemshuka. Mama Pacha akamgeukia.

"Na nyie mnangoja nini kuwapiga hao majirani?"

"Wanangoja saini yangu, dada. Wakubwa wanataka niandike kwamba sheria ya kimataifa inaturuhusu kujibu kwa mabomu, kwamba ni kujilinda."

"Si uandike! Kompyuta zilizotuma kirusi zimeonekana kwao!"

"Zimeonekana kwao, na nyingine imeonekana kwa Fundi. Aliyekituma kirusi ni nani? Sheria inataka nijue hilo kwanza. Nikikosea, tunaua watu ambao hawakufanya kitu."

"Maneno ya ofisini hayo," akaguna babu wa ghorofa ya chini.

Fundi akadakia. "Haya, semeni ukweli. Mtandao wangu nani hautumii hapa? Nywila ni ile ile tangu nihamie. Yeyote angeweza kukileta hicho kirusi, hata bila kujua."

Simu zikaanza kuzama mifukoni. Mimi yangu niliizima kabisa, maana mdogo wangu anapakua vitu hata majina yake siyajui. Tukawa tunatazamana kwa pembe za macho.

"Wanangu wanashinda humo mtandaoni kutwa," Mama Pacha alisema, sauti imepungua.

"Kesho nitawaambia sisaini," Wakili akasema. "Wakinifukuza, basi."

Hakuna aliyempigia makofi. Mama Pacha alimkagua Fundi kuanzia kichwani mpaka viatuni, kisha akasogea, akasukuma mlango wake mwenyewe.

"Sijasema nakuamini. Lakini polisi wamekupekua mpaka jikoni, utapika nini? Ingia ule. Na ukae mbele yangu, nikuone."