Mshono wa Pili

Maji yalishika. Daktari aliyasukuma kwa bomba la sindano ndani ya moyo uliosimamishwa, na vipande viwili vya vali, kile kilango cha moyo, alivyovishona asubuhi nzima, vikatuna na kukutana ukingo kwa ukingo. Hakuna tone lililopita.

"Bi Taratibu, leo umetuweza," alisema daktari wa usingizi kutoka upande wa kichwa cha mgonjwa. Chumba kizima cha upasuaji kilimwita hivyo mpasuaji huyu, maana hakuna aliyewahi kumharakisha. Hata chai yake aliinywa imeshapoa.

Mgonjwa alikuwa msusi wa nywele, kijana bado, ameolewa na hajazaa. Homa ya utotoni ilimharibia vali, akapasuliwa mara ya kwanza angali shuleni. Sasa ilivuja tena, na kifua kile kisingestahimili kufunguliwa mara ya tatu, kwa hiyo vali ya mnyama, ambayo huchakaa, haikuwa na nafasi. Zilibaki njia mbili: kushona yake mwenyewe ikakaa, au kumwekea ya chuma. Ya chuma hudumu, lakini humfunga mtu na dawa za kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na kwa dawa hizo kubeba mimba ni kucheza na moto.

Jana jioni msusi alimshika mkono pale kitandani. "Dokta, nishonee yangu hii hii. Mimi nikisuka vibaya nafumua, naanza upya. Wewe je?"

"Na mimi nafumua."

"Basi nitazaa."

"Utazaa," alisema Bi Taratibu.

Neno lilimponyoka. Miaka yote aliwajibu wagonjwa "tutajaribu", hata wauguzi wakamtania kwa ubahili wake wa ahadi. Jana, sijui ni ule mkono au ni uchovu tu, alilegea.

Maji yaliposhika, waliuacha moyo upige. Lakini moyo unaopiga hauna upole wa maji. Kwenye skrini damu ilionekana ikirudi nyuma, mkondo mnene wa rangi.

"Inavuja," alisema daktari wa usingizi. "Na si kidogo."

Wakausimamisha tena. Bi Taratibu akafumua. Akapunguza hapa, akatia uzi mwembamba pale kuushikilia ukingo uliokakamaa kwa makovu ya homa, akakaza, akatazama, akalegeza kidogo. Alipojaza maji, safari hii uvujaji haukungoja damu: maji yenyewe yalipenya pembeni, polepole, bila haya.

"Dada," daktari wa usingizi alisema, na hakuwa anatania tena. "Moyo huu umechoka. Ukishona tena, ikavuja tena, huenda usiamke."

"Naona."

"Unaona, lakini bado umeshika sindano."

Ni kweli, alikuwa ameishika. Aliutamani mshono mmoja zaidi, mmoja tu. Alimwona msusi na tumbo kubwa, akisuka huku amekaa kwa sababu miguu imevimba, akilalamika na kucheka. Kisha akatambua kwamba tamaa ile haikuwa ya msusi peke yake. Alikuwa anataka pia kuliokoa neno lake.

Akaiweka sindano kwenye trei. "Nipeni ya chuma."

Mume wa msusi alimngoja koridoni. "Yuko hai?"

"Yuko hai."

Mwanamume akaegemea ukuta, akaketi sakafuni, akalia na kucheka kwa pamoja, asiulize kingine. Bi Taratibu alishukuru kwamba hakuulizwa, kisha akajionea aibu.

Msusi aliuliza. Walipomtoa mpira wa kupumulia kooni, sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Ulishona?"

"Mara mbili. Ikavuja mara mbili. Nimekuwekea ya chuma."

"Na mtoto?"

"Kwa dawa hizi, mimba inaweza kukuua wewe, inaweza kumuumiza na yeye. Siwezi kukwambia ujaribu." "Nilikuahidi kitu ambacho hakikuwa changu kukuahidi. Nisamehe, mdogo wangu."

Msusi alitazama dari. Alifungua mdomo, lakini badala ya maneno kikaja kikohozi, na maumivu yakamkunja uso. Muuguzi aliwahi na mto mdogo.

"Ukumbatie, ubane kifuani. Kohoa tu, usiogope, kidonda hakitaachia."

Akaukumbatia. Akakohoa, machozi yakimtoka, mpaka kikohozi kikapita. Muuguzi akanyoosha mkono auchukue mto, auweke kando. Msusi hakuuachia. Aliuhamishia kwenye mkono wa kushoto, akaulaza vizuri kwenye kiwiko, kisha kwa vidole vya mkono wa pili akavuta shuka juu, taratibu, akaufunika.