Pua ya Pamba

Mwezi wa tatu ukifika, Guangzhou hutokwa jasho. Joto hupanda ghafla kutoka kusini, huingia kwenye majengo yaliyokaa na baridi miezi yote, na kuta zinaanza kulia. Maji hushuka kwenye vigae. Nguo zilizofuliwa Jumatatu zinafika Ijumaa bado mbichi. Vioo vya jiji zima huvaa ukungu, mtu akisimama upande wa pili unamwona kama mtu wa kukumbukwa tu. Ni katika msimu huo Bibiana, mama aliyehamia huko kwa biashara ya nguo, alipochagua bima ya mbwa. Mama yeyote mwenye mbwa mzee, na mtoto anayempenda huyo mbwa, asome mpaka mwisho asije akasema hakuambiwa.

Mbwa aliitwa Pamba. Salvatory, mume wa Bibiana, ambaye siku hizi yuko Mwanza akipokea mizigo, alimwokota kule Shahe kwenye soko la nguo za jumla, ndani ya boksi la vipande vya kitambaa, mweupe kiasi kwamba mwanzoni alidhani ni kitambaa kinachopumua. Mwaka huohuo akazaliwa binti yao, Flavia. Wakakua pamoja, mtoto na mbwa, ila alipofika miaka kumi na moja Flavia ndiyo kwanza alikuwa anaanza, na Pamba kwa miaka hiyohiyo alikuwa babu. Macho yake yaliingia wingu la buluu. Mchana alilala akikimbiza miguu hewani, akibweka kwa ndani, kama anayeitwa kutoka mbali.

Lakini saa kumi jioni aliamka bila kuamshwa. Alikwenda kwenye mlango wa kioo wa baraza, akabandika pua, akangoja Flavia atokee kule chini kwenye kichochoro akirudi shule. Kila siku aliacha alama, na kila siku Bibiana aliifuta.

"Hiki kioo nakifuta kama nimeajiriwa na mbwa," alikuwa akisema.

Habari ya bima aliileta Flavia mwenyewe. "Mama, wenzangu shuleni mbwa wao wana bima. Wakiugua wanatibiwa."

"Bima! Mimi mama yako sina bima."

"Wewe siyo mzee, mama."

Wakakaa sakafuni, Pamba katikati yao, Flavia akasoma kwenye simu yale maandishi ya Kichina ambayo mama yake hakuyajua. Bima zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mbwa ambao hawajafika miaka minane, inalipia karibu matibabu yote, upasuaji ukiwemo. Ilikuwa na picha ya mbwa anaruka juu ya maua. Ya pili ilikuwa ya mbwa wazee. Ilitaka barua ya daktari, unangoja siku arobaini ndipo ianze, na mbwa akiumwa inalipa nusu. Picha yake ilikuwa ya mbwa amekaa kwenye mkeka.

"Ya Pamba ni hii ya pili," Flavia alisema.

"Hiyo ya mkekani?"

"Ndiyo. Nusu siyo mbaya, mama."

Bibiana aliiangalia ile picha kama anavyoangalia mzigo wa gredi B. Miaka kumi na miwili ya kununua nguo hakuwahi kuchukua gredi B kwa hiari yake. Akasema, "Niachie mimi."

Kesho yake, barabara ya Zhanqian, akiwa anachagua magauni na rafiki yake Mwanakhamis wa Unguja, akamweleza.

"Shoga, bima ya mbwa!" Mwanakhamis alicheka mpaka akashika meza ya watu. "Mie na huyo mbwa wako salamu yetu ya mlangoni tu, nalinda udhu wangu. Lakini nikuulize. Wateja wako wa Mwanza ukiwatumia picha, unawatumia gauni gani? Lile la chini ya robota lililokunjamana?"

"Nawatumia sampuli."

"Basi! Sampuli huwa ndiyo nzuri kuliko zote. Yule laoban mwenye duka pale anakuuzia hivyohivyo, na wewe unauza hivyohivyo. Huyo wa bima ndiye nani asipewe sampuli?"

Mwanakhamis alikuwa anatania. Alishasahau kabla hawajafika kwenye soksi. Bibiana hakusahau.

Siku iliyofuata, Flavia akiwa shuleni, Bibiana aliifungua ile bima ya kwanza, simu ikimtafsiria. Umri wa kipenzi chako? Akaandika minne. Hakujisikia amesema uongo, maana kwenye karatasi za mizigo alishazoea kuandika thamani pungufu, na meli zilikuwa zinafika. Kisha simu ikachora duara na kusema: weka pua ya kipenzi chako ndani ya duara. Akaitazama pua ya Pamba. Ilikuwa imekauka, imepasuka, imepauka pembeni kama kiatu kilichopigwa na jua. Hii wataikataa, alijisemea. Hakujua kwamba pua ya mbwa ina mistari yake, kama kidole cha mtu, na haifanani na ya mbwa mwingine duniani. Alidhani wanataka picha ya bidhaa.

Akashuka chini kwa Wekesa, Mkenya mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo. Wekesa alikuwa na mbwa mweupe wa miaka minne, pua inang'aa.

"Unataka pua ya mbwa wangu?" Wekesa alisema. "Kwani wako hana?"

"Anayo. Imechakaa."

"Haya, piga. Lakini akikuuma usiniletee stori."

Duara likageuka kijani.

Jioni Flavia alipoingia na begi lake, mama alimwambia amekata ile bima kubwa. Flavia alisimama pale mlangoni, haamini. "Wamemkubali? Na umri wake?"

"Wamemkubali."

Mtoto akapiga magoti, akamshika Pamba masikio yote mawili. "Pamba, umo! Unasikia? Umo!"

Mwezi wa nne, mchana mmoja wa mvua, Bibiana alisinzia juu ya marobota kule Shahe, akaota. Alikuwa anatembea kwenye ardhi nyeusi yenye unyevu, imejaa vinjia vyembamba vinavyopindana, na kwa mbali alimsikia Pamba akibweka kwa ndani, kama anavyobweka usingizini. Alifuata njia moja, ikamleta kwenye mlango. Ulipofunguka akatoka mbwa mweupe anayeng'aa pua, akamwangalia kwa adabu, kama mwenye nyumba anavyomwangalia mgeni aliyekosea mlango. Aliamka. Akajiambia ni joto.

Mwisho wa mwezi wa tano, saa kumi, Pamba aliamka kama kawaida, akatembea hatua nne kuelekea kwenye kioo, ambako alama ya jana yake ilikuwa bado haijafutwa, akaanguka. Fizi zake zilikuwa nyeupe kama manyoya yake.

Daktari wa mifugo alikuwa binti mdogo wa miwani, anaongea taratibu. Alimpima Pamba kwa ile mashine ya kuona tumboni, Flavia akatafsiri: kuna uvimbe kwenye wengu, unavuja damu kidogo kidogo, apasuliwe leo, isizidi kesho. Ana bima?

"Anayo!" Flavia alijibu kwa Kichina, kifua mbele. Hilo hata Bibiana alilielewa.

Daktari akasogeza simu kwenye pua ya Pamba. Duara likawa jekundu. Akaifuta pua kwa pamba yenye maji, akarudia. Jekundu. Akatikisa kichwa na kusema neno ambalo Bibiana alikuwa akiambiwa na wauzaji kila siku bidhaa inapokosekana: meiyou. Hakuna. Mbwa huyu hayumo.

"Mashine imekosea," Flavia alisema. "Usiogope, mama. Nawapigia."

Hapo ndipo Bibiana alipopaswa kusema ukweli. Daktari alimuuliza kama anaweza kulipa mwenyewe. Fedha zilikuwa zimeshaingia kwenye kontena, lakini Mwanakhamis angemkopesha, alilijua hilo. Ila kukopa kungetaka maelezo, na maelezo angeyasikia mtoto. Akasema wangoje, mashine itarekebishwa. Pamba akawekewa dripu.

Siku hiyo ikapita. Kesho yake nayo ikapita, mvua ikinyesha polepole nje, Flavia kwenye benchi la zahanati na sare yake ya shule, simu sikioni. Kichina cha Bibiana kilikuwa cha rangi, saizi na bei, lakini katika maneno yote ya mtoto kuna moja lililorudi na kurudi mpaka akalielewa: ni yeye. Ni yeye. Nimekua naye, ni yeye. Nyuma ya kioo Pamba alikuwa amelala, miguu ikikimbia hewani taratibu, taratibu zaidi.

Siku ya tatu asubuhi Bibiana aliuweka mkono wake juu ya simu.

"Flavia, acha kupiga."

"Wameniambia nisubiri, mama, wananiunganisha na mkubwa wao."

"Ile siyo pua yake."

Sauti kwenye simu iliendelea kuongea, kwa upole, peke yake.

"Ni ya nani?"

"Ya mbwa wa Wekesa. Niliona ni nzuri zaidi."

Flavia hakulia. Alikata simu, akaiweka mapajani. "Na miaka uliandika mingapi?"

"Minne."

"Miaka minne iliyopita mimi nilikuwa na saba," Flavia alisema, kama anayepiga hesabu ya shule. "Basi yule niliyejifunza kutembea nimemshika mgongo alikuwa nani?"

Bibiana akampigia Mwanakhamis. Hata nusu saa haikupita, Mwanakhamis akaingia amelowa, fedha ndani ya mkoba, hakuuliza kitu. Alisimama mbele ya kile kioo, yeye ambaye salamu yake kwa mbwa ilikuwa ya mlangoni, akasema, "Pole, mzee. Pole sana."

Wakamwingiza Pamba chumba cha upasuaji mchana ule. Daktari alipotoka alikuwa ameivua kofia, na Bibiana hakungoja tafsiri kujua kwamba Pamba hayupo tena. Uvimbe ulikuwa umepasuka jana. Jana ni neno la sokoni, analijua kila mfanyabiashara: mzigo uliochelewa siku zote ulitakiwa uwe umefika jana. Na ile bima ya mkekani, ile ya nusu, kama angeikata siku ileile aliyosomewa, ingekuwa imeshafanya kazi mwezi mzima.

Mwaka ukazunguka. Flavia aliongea tena na mama yake, si mara moja, kidogo kidogo, kama bomba linalorudisha maji. Karatasi zote za nyumbani sasa anajaza yeye, na kabla ya kutuma huuliza, "Mama, ndivyo ilivyo kweli?" Bibiana hujibu ndivyo au sivyo. Mlango wa baraza, sehemu ya chini, hakuna aliyeugusa.

Mwezi wa tatu, kuta zikaanza kulia tena. Jioni moja Bibiana alipita na kitambaa mkononi, akaona kioo kimeota ukungu wote isipokuwa mahali pamoja, usawa wa goti. Ukungu haukushika pale. Palibaki doa la ukubwa wa komamanga dogo, lina matundu mawili, na kuyazunguka kuna vinjia vyembamba vinavyopindana, vimepasuka hapa na pale kwa uzee.

Akachuchumaa. Alama hiyo aliifuta miaka yote, hakuwahi kuitazama.

Mlango wa nje ukafunguka, Flavia akaingia, akaweka begi chini, akaja akachuchumaa naye. Wakakaa hivyo mpaka taa za kichochoroni zikawaka nyuma ya ile alama.

"Usifute," Flavia alisema.

"Sifuti."