Maji ya Nyumba Namba Nne

Karibu mwezi mzima tangu ahame, Nafuna alikuwa hajamaliza hata kutundika pazia katika nyumba yake mpya ya Mugutha, pale Ruiru, simu ya Mugo ilipoingia. Mugo ni keateka, mtunzaji wa ile ploti ya nyumba za kupanga aliyohama kule Kamenu, Thika. Ni kijana mpole asiyependa kupiga simu za ubaya, ndiyo sababu alizunguka kwanza. Akauliza kama mtoto, Becky, amezoea shule mpya. Akauliza kama Ruiru kuna baridi. Halafu akakohoa.

"Mama Becky, kuna bili ya maji imekuja. Ya nyumba yako. Elfu saba na kitu."

"Nyumba yangu gani? Mimi si nilihama?"

"Ndiyo hiyo, namba nne. Mama Njau anasema itakatwa kwa dipoziti yako, na ile itabaki utume."

Nafuna alikaa juu ya gunia la nguo. Dipoziti yake, ile amana ya nyumba kule Kamenu, ilikuwa elfu sita, na hizo elfu sita zilikuwa zimeshapata mwenyewe. Kilonzo, ajenti wa nyumba za Mugutha, alimruhusu aingie kwa kodi ya mwezi mmoja tu, akampa hadi Jumapili hii alipe dipoziti. "Ikipita Jumapili naweka kufuli, mama, tusikosane," alimwambia akicheka. Kuna mtu mwingine aliyekuwa akiitaka nyumba hiyo, na alikuwa na pesa mkononi. Nafuna naye alikuwa ameanza kazi kwenye kiwanda cha nguo hapo karibu, na mtoto alikuwa ameshapewa dawati. Hakuwa na mahali pengine pa kumpeleka.

Jumamosi alipotoka kazini akaenda Kamenu. Hakwenda na vita. Alijifunga leso vizuri, akabisha lango kama mgeni.

Mama Njau, mwenye ploti, alikuwa mlangoni mwa jikoni akimenya viazi. Jina lake ni Ngendo, lakini hakuna mpangaji aliyethubutu kulitumia.

"Ngai! Mama Becky! Umenona. Ruiru inakupenda."

"Habari ya hapa, mama?"

"Ni kuzuri. Keti."

"Mama, nimekuja juu ya ile maji."

"Najua. Keti kwanza. Nani huongea mambo ya pesa na tumbo tupu?"

Akamimina chai, akaweka mbele yake sahani ya nduma, yaani magimbi, za kuchemsha. Nafuna alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mama, mimi niko na mtoto mmoja na mitungi minne. Maji ya elfu saba ningeiweka wapi?"

"Nyinyi watu wa kuhama nawajua! Siku ya mwisho mnafua blanketi, mnafua mazulia, mnafua hadi viatu, ati maji ni ya Mama Njau. Yule Opiyo aliyekuwa namba mbili, unajua alifua nini? Alifua godoro!"

Nafuna alicheka bila kupenda. "Mimi sikufua godoro."

"Ulifua nini?"

"Pazia."

"Eeeh! Unaona sasa?"

"Na hata hiyo siku hakukuwa na maji, mama. Nilichota kwa tangi."

Mama Njau alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa hivyo na wengi. Nafuna hakusukuma. Alichukua kipande cha nduma, akauma. Kilikuwa laini, kikavu vizuri, hakina nyuzi hata moja. Alitafuna polepole, macho yake yakipita juu ya bega la mama yule hadi kwenye kile kishamba cha nyuma ya nyumba.

Mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi. Mahindi yalikuwa yamejikunja, na sukuma wiki zimegeuka manjano. Lakini kwenye ukingo wa mwisho, chini ya ukuta, nduma zilikuwa zimesimama na majani mapana kama masinia. Nafuna alizikumbuka nduma hizo. Alipokuwa akiishi hapa zilikuwa zinakufa. Yeye mwenyewe alizoea kuzimwagia maji ya kusuuzia vyombo, kwa huruma tu.

"Hizi nduma ni zile za hapo nyuma?"

"Ni zile zile! Nilikuwa nimekata tamaa nazo. Nikaziombea kanisani, na unajionea mwenyewe."

"Nani anamwagilia?"

"Nani amwagilie na mgao huu wa maji? Ni Mungu tu."

Nafuna aliinua macho. Juu ya nduma hizo, ukutani, palikuwa na kipaipu kidogo cha kutolea maji machafu ya sinki. Ukuta ule ulikuwa wa namba nne. Na udongo chini yake ulikuwa mweusi.

Kamenu kwenye ploti ile maji huja Jumanne na Jumamosi, alasiri, yakabaki hadi alfajiri. Nafuna aliangalia jua, akasogeza kikombe mbele.

"Naweza kuongezwa chai?"

Mama Njau akamwongeza. Ilipoisha akaomba tena.

"Si ulisema una haraka?"

"Nimeacha. Chai yako ni tamu, mama."

Wapangaji walianza kupanga mitungi milangoni. Baadaye paipu za ukutani zikakohoa, zikatema hewa, na mtu akapiga kelele, "Imekuja!" Ploti nzima ikaamka. Mitungi iligongana, ndoo zikaburutwa, watoto wakafukuzwa njiani. Hapo Nafuna akasimama, akakung'uta leso.

"Mama, twende kidogo hapo namba nne."

"Kuna nini? Nyumba imefungwa."

"Tusikize tu."

Walisimama mbele ya mlango wenye kufuli. Mwanzoni hakukusikika kitu ila kelele za majirani. Nafuna akamwomba dada wa namba tano afunge mfereji wake kidogo. Dada alifunga. Ndipo sauti ikaja kutoka ndani ya nyumba isiyo na mtu, nyembamba, haikatiki, kitu kinaanguka juu ya bati la sinki.

"Haiya," Mama Njau alisema kwa sauti ya chini. "Nani yuko ndani?"

"Hakuna mtu, mama. Ni maji."

Mugo alikuja mbio na ufunguo. Ndani kulinuka rangi mpya. Mfereji wa jikoni ulikuwa umefunguliwa hadi mwisho, maji yakishuka moja kwa moja kwenye tundu la sinki bila kumwagika hata tone sakafuni. Kwenye kishikio palikuwa na alama za vidole, rangi ya maziwa, rangi ile ile ya ukuta.

Mugo aliufunga. Kisha akautazama mkono wake.

"Nilikuwa nataka kuosha brashi," alisema. "Nikafungua, maji haikuwa. Nikaenda kuoshea kwa tangi."

"Na hukufunga?"

"Maji haikuwa, mama. Ningefunga nini?"

Hakuna aliyemcheka, kwa sababu hapakuwa na mtu kwenye ploti ile ambaye hajawahi kufanya hivyo. Mfereji mkavu ni rahisi kusahau umeuachaje. Na usiku wa maji, kila nyumba ikivuma, nani atasikia wa jirani?

Mama Njau alienda dirishani, akachungulia nje. Aliziangalia nduma zake kwa muda mrefu.

"Wiki tatu nimesimama kanisani nikitoa shukrani," akasema. "Kumbe nashukuru Mugo."

Dada wa namba tano ndiye aliyecheka wa kwanza, halafu wote, hata Mugo, ingawa kicheko chake hakikutoka vizuri.

Kicheko kilipoisha Mama Njau alijirudi, akakumbuka yeye ndiye mwenye ploti. "Basi tugawane, Mama Becky. Hii ni bahati mbaya. Nusu yako, nusu yangu."

"Mama, siku ile nikihama, ufunguo nilimpa nani?"

"Si Mugo."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapo kwa mlango, nikichambua maharagwe ya njahi. Nikakuambia uende na Mungu."

"Nikaenda na Mungu, mama, nikaacha ufunguo. Tangu hapo sina njia ya kuingia hapa hata kufunga dirisha."

Mama Njau alimtazama. "Wewe hupigi kelele, lakini pia huendi."

"Niende wapi? Kesho ajenti anafunga nyumba yangu. Alinipa hadi Jumapili nilipe dipoziti, na hii yako ndiyo ilikuwa ya kulipa."

"Kesho? Na hungesema mapema?"

"Ulikuwa unaongea juu ya godoro."

Mama Njau alifyonya, lakini mkono ulikuwa umeshaingia kwenye aproni kutafuta simu. Alibonyeza polepole, akisogeza simu mbali na macho kisha karibu. Simu ya Nafuna ikalia. Akaangalia. Ilikuwa elfu tano na mia nane.

"Mia mbili nimetoa ya pazia," Mama Njau alisema, uso mkavu.

Nafuna alifikiria kidogo. "Hiyo ya pazia sawa."

"Na mimi, mama?" Mugo aliuliza. "Itakatwa kwa mshahara?"

"Wewe chukua jembe. Ng'oa zile zimekomaa, Jumatatu uzipeleke soko. Zilikunywa, zilipe. Zikikosa kutosha ndiyo tutaongea mimi na wewe."

Mugo alienda kutafuta jembe kabla mama hajabadilisha mawazo.

Nafuna hakungoja kufika Ruiru. Akiwa bado ndani ya lango, aliongeza mia mbili zake mwenyewe, akatuma elfu sita kwa Kilonzo. Hajapiga hatua kumi, Kilonzo akapiga.

"Mama Becky! Jumapili haijafika na umelipa! Sasa yule jamaa nitamwambia nini?"

"Mwambie nyumba ina mtu."

"Nitamwambia. Haya, karibu Mugutha sasa kabisa kabisa."

"Asante. Lakini kesho nakuomba uje kidogo, tusimame pamoja kwa mita ya maji."

"Kwani imeharibika?"

"Haijaharibika. Tuangalie tu inasoma ngapi, mimi na wewe."

Kilonzo alicheka. "Mambo mengine haya! Basi nitapitia hapo baada ya kanisa."

"Hapana," Nafuna akasema. "Njoo asubuhi, kabla sijafungua mfereji."