Kibati cha Msumari Mmoja

Hakuna aliyetutuma. Nalisema hili kwanza, kwa sababu mwaka ule wa 1974, ukiona watu na makoleo huko Kapata ulijua ni salongo: kazi ya lazima ya Jumamosi, na mkubwa wa chama anaandika majina ya waliokosa. Sisi tulikuja Ijumaa, kwa hiari yetu, watu thelathini, kufyeka makaburi ya nyuma ya kanisa. Majani yalikuwa yamefika kifuani. Hata Abedi, jirani yetu Mwislamu, alileta lori lake la kuyabeba, na mdomo wake wa kututania.

Mama yangu, Tshibola, alikuwa na safari. Jumatatu angepanda treni kurudi kwao Kasai, na kwa umri wake alijua harudi tena. Alitaka kumuaga baba. Lakini misalaba ya mbao ililiwa na mchwa zamani. Vigingini vilibaki vibati tu, vyenye namba ambazo kampuni ya migodi iliwapa wafanyakazi wake. Namba ya baba ilikuwa 9061.

Mwalimu ni mimi, basi nikajipa kazi ya kusoma. Nilisugua kila kibati kwa mchanga, nikasoma kwa sauti ya darasani, safu baada ya safu. Kufika saa nane nilikuwa nimemaliza, na 9061 haikuwepo. Nilipomwambia Mama, masikio yaliniwaka kwa aibu.

"Ulisoma yote?"

"Yote, Mama."

Mama hajui hata herufi moja. Alikaza kitenge chake, akapita mwenyewe kaburi kwa kaburi. Kwenye safu ya tatu alisimama mbele ya kibati nilichokisoma mara mbili: 1906. Msumari wa juu ulikuwa umetoka, kikaning'inia kwa ule wa chini. Mama alikishika, akakizungusha juu chini. 9061.

"We mwalimu, hii iko kichwa chini," akasema. "Miaka makumi mbili nilibeba hii numéro kwa carte ya posho, juu ya kupata unga ya kampuni. Mi najua sura yake."

Abedi alicheka mpaka akashika lori lake. Mimi nilicheka na kulia pamoja. Vyeti vyangu vyote nimevionea fahari, lakini si kama nilivyomwonea fahari mwanamke yule.

Tulisimamisha msalaba mpya. Nilichovya brashi kwenye rangi ili niandike namba, Mama akanishika mkono.

"Hapana numéro. Kwa posho baliniitaka numéro, na yeye kwa kazi vilevile. Andika jina."

Nikaanza: KAZADI THAR... Hapo akafika Mukalay, mkubwa wa chama, mbio, maana alisikia watu wamekusanyika bila ruhusa. Akasoma, akakunja uso. Majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku miaka miwili kabla, na kila mwanamke akaitwa citoyenne, yaani mwananchi.

"Citoyenne, hii jina balikataza. Futa!"

Mama hakuinua hata sauti.

"Jina yake njo Tharcisse, Tata Mukalay. Kama unataka kumufunga, eko hapa. Chimba."

Abedi akamnyooshea koleo, kwa heshima zote. Mukalay aliliangalia, akatuangalia sisi thelathini tulioacha kazi kumtazama, kisha akageuka akaenda zake. Nikaandika herufi zilizobaki, kubwa kuliko zile za kwanza.