Mnyama Fulani, Mahali Fulani

Mume wangu Ngusa ndiye msimamizi wa kundi la WhatsApp la wafugaji wa bondeni Momba, "Ng'ombe Waliopotea". Zamani kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Ukiokota ng'ombe wa watu, unapiga picha chapa iliyopo pajani, unataja kijiji na jina lako, na kabla jua halijazama mwenye mali ameshafika na fimbo yake.

Halafu mtu akaandika humo kwamba ndama wake aliyeibwa ameonekana kwenye zizi la Sadoki, mchuuzi wa ng'ombe. Sadoki hakuhangaika kukanusha. Alileta barua ya wakili kutoka Tunduma, ina muhuri: jina lake ni taarifa binafsi, limetangazwa bila ridhaa yake, msimamizi ajiandae kwa faini au jela. Ngusa, ambaye amewahi kumfukuza fisi kwa rungu, aliisoma mara tatu huku jasho likimtoka. Akafuta kila kitu. Kisha akatunga kanuni: kila tangazo lipitie kwake kwanza, marufuku jina la mtu, marufuku kijiji, na chapa ndiyo marufuku kabisa, maana chapa humtambulisha mwenye ng'ombe.

"Sasa watu watatangaza nini, baba Shani?" nilimuuliza.

"Watatangaza kwa mujibu wa sheria, mama Shani."

Mvua za kwanza zilipoloweka udongo, maksai wetu Tajiri akakata kamba. Plau inataka maksai wawili, na msimu wa mpunga haumsubiri mtu. Ngusa aliandika kundini: "Mnyama fulani amempotea mtu fulani." Akazunguka porini siku nne, akarudi miguu imevimba, akakaa na simu yake kupitisha matangazo ya wenzake.

"Ona huyu alivyoelewa," aliniambia. Nikasoma: "Mnyama fulani yupo mahali fulani kwa mtu fulani. Mhusika afike." Picha ilionyesha kwato nne tu. Ngusa akaweka dole gumba.

Wiki tatu baadaye tukasikia kisimani kwamba zile kwato zilikuwa za Tajiri. Alikuwa kijiji cha pili, mwendo wa saa moja. Kwa kuwa hakuna aliyemdai, kijiji kilimpeleka mnadani. Ngusa akakimbilia kwa mtendaji wa kijiji hicho, Yonathani, kuuliza nani kamnunua.

"Msimamizi, jina la mnunuzi halitolewi bila ridhaa yake," Yonathani alimjibu kwa upole. "Si wewe mwenyewe uliyetufundisha?"

Iliniuma, sifichi. Asubuhi nilibeba jembe la mkono kwenda shambani, nikapita njia ya mtoni. Katika shamba la Sadoki maksai wawili walikuwa wanalima, na mmoja ana chapa yetu pajani. Nilisimama pale nikalia.

Niliporudi, Ngusa akaniuliza kama kuna habari yoyote.

"Ipo," nikamwambia. "Mnyama fulani yupo mahali fulani kwa mtu fulani."

Nikamkabidhi jembe.